Vumbi la Bigwa, kompyuta ya nyumbani na utepe unaokatwa

Ndugu zangu, kama mmepita hapa wiki mbili hizi mkakuta kimya, msinifikirie vibaya. Sikusafiri, wala sikuugua. Kompyuta yetu ya nyumbani ndiyo iliyougua. Asubuhi ilikuwa inawaka vizuri na kufanya kazi bila matatizo. Ikifika saa saba au saa nane mchana, pu! Inazimika. Unaiwasha, inakwenda dakika kumi, inazimika tena. Siku nyingine haizimiki bali inaganda, kipanya hakisogei, na muziki unarudia neno moja kama santuri iliyokwaruzwa. Siku nyingine inakuletea ile skrini ya bluu yenye maandishi meupe ambayo sijawahi kukutana na mtu aliyeyasoma mpaka mwisho.

Najua wapo watakaonicheka. Zama hizi nani bado ana kompyuta ya mezani, tena ya Pentium 4? Mimi ninayo. Baba aliinunua mtumba mwaka 2009, mwaka ule ule mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na kila mtu akaanza kusema kwamba sasa intaneti itakuwa ya kasi. Ndiyo niliyojifunzia kuchapa. Na ndani yake, kwa uzembe wangu mwenyewe, nilikuwa nimehifadhi kitu ambacho sina nakala yake mahali pengine popote: saa kadhaa za sauti za wazee waliowahi kufanya kazi katika viwanda vya mji huu wa Morogoro. Wawili kati ya wazee hao wameshatangulia mbele za haki. Ukiipoteza sauti ya mtu wa namna hiyo, hupati pa kwenda kuomba nyingine.

Kwa hiyo kila ilipozimika nilihisi tumbo likinikata. Mashine inayozimwazimwa ghafla inaweza kuharibu hata mafaili yaliyomo kwenye diski. Nikaibeba nikaipeleka mjini kwa fundi mmoja. Fundi akaiwasha, ikawaka. (Ilikuwa saa tatu asubuhi, bila shaka ingewaka!) Akaiacha kidogo, ikazimika. Hakuifungua. Akatikisa kichwa akasema: "Madabodi imekufa hiyo. Tafuta nyingine, hii uza kwa wa vyuma chakavu." Nikarudi nayo Bigwa kwa daladala, nimeipakata kama mgonjwa.

Aliyeniokoa ni mjomba wangu, kaka yake mama. Wanaotufahamu Waluguru wanajua mjomba kwetu ni nani; hata kama huna shida naye, yeye lazima aijue shida yako. Mjomba hajui kompyuta. Hata simu yake ni ile ya tochi. Lakini alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa mjini, kwenye mashine za kufuma. Alikuja jioni, nikamwamkia, tukakaa. Nikamweleza habari ya mgonjwa wangu.

"Mjomba," akaniuliza (kwetu mjomba na mpwa tunaitana hivyo hivyo), "hiyo inazimika ikiwa baridi au ikipata joto?"

"Ikipata joto, mjomba. Mchana."

"Na mara ya mwisho kuisafisha ndani ni lini?"

Nikanyamaza. Tangu mwaka 2009 kompyuta ile ilifutwa kila Jumamosi kwa kitambaa. Juu yake kulikuwa na kile kitambaa cheupe cha kufumwa kwa mkono, kama vilivyotandikwa juu ya redio na televisheni katika nyumba nyingi za nchi hii. Nje ilikuwa inang'aa. Ndani hakuna aliyewahi kuangalia.

Mjomba akacheka kidogo. Akanieleza kwamba kiwandani kwao pamba ilikuwa inarusha manyoya mchana kutwa, yakajaa kwenye mota na kwenye gia. Kwa hiyo kupuliza mashine kwa hewa ilikuwa sehemu ya zamu. Hukabidhi mashine kwa mwenzako ikiwa na manyoya. "Mashine inapumua kama wewe," akasema. "Ukiiziba pua, haikufi siku hiyo. Inakuchosha kwanza."

Kesho yake asubuhi tulilifungua lile sanduku ambalo wote tunaliita CPU. Jamani! Kulikuwa na blanketi. Vumbi jekundu la Bigwa, limechanganyika na nywele, nyuzi za kapeti na mabawa ya kumbikumbi, limeshikamana kama sufi ya kwenye mto. Juu ya prosesa kuna kipande cha aluminiamu chenye vibati vyembamba vilivyopangwa kama majani ya kitabu, na juu ya vibati kuna feni. Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu, lakini hewa yake haikuwa na pa kupita. Kati ya kibati na kibati kumejaa udongo.

Na hapo ndipo nilipoacha kufikiria kompyuta yetu peke yake, nikaanza kufikiria historia. Tumekuwa tukisimuliana historia ya kompyuta kama historia ya kasi: hii ya kwanza, hii ya haraka, hii ya haraka zaidi. Lakini kuna historia nyingine inayokwenda sambamba nayo, ya joto, hewa na uchafu. Historia hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoishi kwenye jua na vumbi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1946 Wamarekani walipoionyesha dunia mashine yao iitwayo ENIAC, pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ilikuwa na vali za kioo zaidi ya 17,000, kila moja ikiwaka kama taa ndogo. Ilikula umeme wa kilowati 150 hivi. Karibu umeme wote huo ukawa joto, na ilibidi ifungiwe mitambo mikubwa ya kupuliza hewa. Yaani kompyuta imezaliwa na feni. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa mashine ya Mark II pale Harvard walikuta nondo amebanwa ndani ya swichi, yule mdudu wa kwenye taa. Wakambandika kwenye kitabu chao cha kumbukumbu. Neno la Kiingereza la "mdudu" kwa maana ya hitilafu lilikuwepo kabla yake, lakini kitabu kile kimehifadhiwa mpaka leo kwenye makumbusho ya Smithsonian. Nilipoyaona mabawa ya kumbikumbi ndani ya mashine yetu nikajisemea, kumbe Harvard na Bigwa si mbali sana.

Miaka iliyofuata wakubwa wa kompyuta walipata dawa: wakazijengea nyumba. Chumba maalumu, kiyoyozi usiku na mchana, madirisha yamefungwa, sakafu haina vumbi, na anayeingia ni mwenye kazi tu. Ndivyo kompyuta ilivyokuja kwetu pia. Ya kwanza Tanzania iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, ICT 1500, mashine ya kampuni ya Kiingereza. Ilikuwa kitu cha serikali, cha chumbani, cha wachache. Kufikia mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba.

Halafu mlango ukafungwa. Mwaka 1974 serikali ilitoa amri ya kuzuia kuingiza nchini kompyuta na vifaa vya aina yake, pamoja na televisheni. Vijana wa leo wakisikia habari hii hucheka, wakadhani wazee wetu walikuwa wanaogopa mashine. Tusicheke haraka. Kumbukeni ulikuwa mwaka gani. Bei ya mafuta duniani ilipanda ghafla mwishoni mwa 1973, ukame ulipiga nchi, fedha za kigeni zilikwenda kununua chakula. Na ile safari ya kuingiza hesabu za serikali kwenye kompyuta ilikuwa imeleta gharama na vurugu kuliko faida. Mashine ilikuwa ya kukodi au ya kununua kwa fedha za kigeni, vipuri vya kuagiza ng'ambo, wataalamu wengi wa kutoka nje. Mtu anayehesabu senti angefanya nini?

Lakini nadhani somo tulilolipata lilikuwa nusu ya somo. Tulijifunza kwamba kompyuta ni ghali. Hatukujifunza vya kutosha kwamba kununua ndiyo sehemu ndogo ya gharama, na kwamba kubwa ni kuitunza: watu, vipuri, hewa, usafi. Kwa hiyo amri ilipolegezwa taratibu katika miaka ya 80 na 90, kompyuta zilirudi kwa mlango wa miradi ya wafadhili. Kila mfadhili na aina yake ya mashine. Mradi ukiisha, mtaalamu anapanda ndege, mashine inabaki na kitambaa chake cheupe juu.

Wakati huo huo kompyuta yenyewe ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imetoka chumbani. IBM walipotoa kompyuta yao ya mezani tarehe 12 Agosti 1981, prosesa yake, Intel 8088, ilitumia wati chache tu. Haikuhitaji feni yake yenyewe. Ile moja ya kwenye pawasaplai ilitosha. Ungeweza kuiweka mezani ofisini, dirisha wazi, ukaendelea na maisha. Lakini kasi inataka umeme, na umeme unazaa joto. Miaka ya 90 mwanzoni prosesa zikaanza kuvishwa vibati vya aluminiamu, kisha feni juu ya vibati. Mwaka 2004 Intel walitoa toleo la Pentium 4 walilolipa jina la Prescott, na baadhi yake zilizidi wati 100.

Hebu tulia hapo. Mnakumbuka zile taa za zamani za wati 100? Nani aliwahi kuigusa ikiwa inawaka? Sasa chukua joto la taa ile nzima ulibane kwenye kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku letu, sebuleni Bigwa. Hata Intel wenyewe walishindwa na joto hilo: Mei 2004 walifuta mpango wa prosesa iliyokuwa ifuate njia ile ile, na mwaka 2006 wakaja na Core 2 Duo, iliyofanya kazi zaidi kwa umeme mdogo zaidi. Mbio za kasi zilikuwa zimegonga ukuta wa joto.

Na mashine zile za joto kali ndizo zilizotufikia sisi. Ofisi za Ulaya na Marekani zilipozibadilisha, zikaingia kwenye makontena, zikaja Dar es Salaam, zikapanda mabasi hadi Morogoro. Mashine iliyobuniwa kwa ajili ya ofisi yenye zulia na kiyoyozi ikatua kwenye nyumba yenye madirisha ya nyavu kando ya barabara ya kwenda Matombo.

Waliofika Bigwa wanaelewa nasema nini. Tuko miguuni kwa milima ya Uluguru, mahali pa baraka, maji na ndizi. Lakini kiangazi kikikaza, tuseme kuanzia Julai hadi Oktoba, udongo wetu mwekundu unapanda hewani na kukaa huko. Lori likipita, pikipiki ikipita, upepo wa jioni ukishuka mlimani, unaona majani ya miembe yamegeuka rangi. Wekundu ule ni chuma kilichomo kwenye udongo, kilichoshika kutu kwa maelfu ya miaka. Na kila kompyuta yenye feni ni pua inayovuta hewa mchana kutwa. Inachovuta haikirudishi chote.

Sisi wenyewe tuliisaidia kufa. CPU yetu ilikuwa sakafuni, chini ya meza, ubavu ukigusa ukuta. Kila asubuhi nyumba inafagiliwa kwa fagio la chelewa, vumbi linaruka kimo cha goti, na kwenye kimo hicho hicho ndipo yalipo matundu ya kuvutia hewa. Na kile kitambaa cheupe? Mara nyingi tulikiacha juu hata ikiwa inawaka, kimeangukia nyuma, kimeziba matundu ya kutolea joto. Tuliivika blanketi nje wakati ndani ilikuwa na blanketi lingine.

Mnakumbuka utaratibu wa kuvua viatu mlangoni mwa chumba cha kompyuta shuleni? Nadhani wengi wetu tumeupitia. Soksi zimetoboka, mwalimu anasisitiza: hakuna kuingia na vumbi! Tulidhani ni ukali tu. Kumbe ilikuwa kumbukumbu ya kile chumba cha zamani chenye kiyoyozi, imefika mpaka shule ya sekondari ya mkoani. Ni desturi nzuri. Tatizo ni kwamba iliishia mlangoni. Tulivua viatu miaka minne na hakuna siku tuliyofundishwa kufungua kompyuta na kuisafisha. Tulifundishwa kuiheshimu kama madhabahu. Mashine nayo ingefurahi zaidi kama tungeitunza kama baiskeli.

Sasa nifike mahali ambapo vumbi hili limenipeleka. Mjomba alipokuwa anasema mashine inapumua, nilikumbuka kiwanda cha viatu cha hapa Morogoro. Wengi mnaijua habari yake, lakini acheni niirudie. Katika miaka ya 70 Benki ya Dunia ilikopesha fedha za kujenga kiwanda kikubwa cha viatu mjini kwetu. Kilikuwa na mitambo ya kisasa kabisa. Mpango ulikuwa kitosheleze soko la Tanzania, na sehemu kubwa ya viatu, robo tatu, iende Ulaya. Mchumi William Easterly alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 2001 kama mfano wa uwekezaji usiozaa. Kiwanda hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia chache tu ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini moja hainitoki kichwani: jengo halikulingana na hali ya hewa ya Tanzania. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, na halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa.

Someni tena sentensi hiyo. Aluminiamu, Morogoro, bila hewa. Mtu yeyote aliyewahi kulala kwenye nyumba ya bati mwezi Novemba angeweza kuwaambia wale wataalamu. Hakuna aliyemuuliza.

Sisemi kiwanda kile kiliangushwa na joto peke yake. Huo utakuwa uongo, na wasomi wameandika mengi kuhusu vipuri, menejimenti, ngozi na uchumi wote wa nchi wa wakati ule. Ninachosema ni kwamba jengo zima na sanduku letu la sebuleni vilikosa kitu kimoja: njia ya hewa. Na havikukosa kwa umaskini. Njia ya hewa ni rahisi kuliko mitambo. Brashi ni rahisi kuliko madabodi. Vilikosa kwa sababu hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la maana.

Na hapa lazima nijisute mwenyewe, maana mimi ni mwandishi wa habari. Nimeshahudhuria hafla za kukabidhi kompyuta mashuleni. Mnazijua: turubai, viti vya plastiki, ngoma, mgeni rasmi anachelewa saa mbili, utepe unakatwa, kamera zinamulika. Kesho yake habari inatoka. Habari ya namna hiyo haikosi nafasi gazetini! Mara moja tu, kwa bahati, nilirudi kwenye shule moja (sitaitaja) miaka miwili baada ya hafla. Chumba kipo. Kompyuta zipo, zimefunikwa vitambaa vizuri. Nne zinawaka. Mwalimu akaniambia zile nyingine "zimekufa". Sikumuuliza zimekufa kwa nini. Sikuomba hata moja ifunguliwe. Nilipiga picha, nikaondoka, na habari ile sikuiandika, maana mhariri angeniuliza: tukio liko wapi?

Hakuna utepe wa kukata siku ya kupuliza vumbi. Hakuna mgeni rasmi. Ndiyo maana historia yetu ya mashine imejaa tarehe za kufungua na tarehe za kufunga, na katikati hakuna kitu. Wale waliokuwa wanapuliza manyoya kila zamu ili kiwanda kiende siku moja zaidi hawamo kwenye kitabu chochote. Nilikuwa nimewarekodi baadhi yao, saa kadhaa nzima, na katika maswali yangu yote niliwauliza kiwanda kilifunguliwa lini, kilifungwa lini, mishahara ilikuwaje, mameneja walikuwaje. Sikumuuliza hata mmoja: mlikuwa mnakitunza vipi? Mjomba, ambaye sikuwahi hata kumrekodi, ndiye aliyenijibu swali ambalo sikulijua.

Haya, najua wengine mnataka kujua mgonjwa aliponaje. Nitawaeleza tulivyofanya.

Kwanza tulichomoa waya ukutani, kisha nikabonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili tatu ili umeme uliobaki ndani uishe. Tukaitoa nje, barazani, tukafunga vitambaa mdomoni. Kabla ya kugusa chochote ndani nilishika kwanza chuma cha sanduku lenyewe, maana umeme mdogo wa mwilini, ule unaokuchoma ukivua sweta, unaweza kuua chipu bila wewe kusikia. Pawasaplai hatukuifungua kabisa. Ndani yake kuna umeme unaokaa hata baada ya kuchomoa. Tuliipuliza kupitia matundu tu.

Mjomba alitaka twende gereji tukapulizie kwa kompresa ya matairi. Nikamwomba tusifanye hivyo. Kompresa za gereji mara nyingi hutoa hewa yenye majimaji na mafuta, na nguvu yake inaweza kung'oa vitu. Tukaazima bloa ndogo ya umeme kwa jirani, pamoja na brashi laini mpya ya rangi. Feni tulizishika kwa kidole zisizunguke wakati wa kupuliza, kwa sababu feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika, na hata kurudisha umeme kwenye bodi. Kitambaa chenye maji hakikukaribia.

Vibati vya prosesa ilibidi tuvitoe. Chini yake ile dawa nyeupe ya kupitishia joto, ambayo mafundi huiita pesti, ilikuwa imekauka kama chokaa ya ukutani. Tukaifuta kwa spiriti na pamba, nikanunua kibomba kidogo cha pesti mpya mjini, nikaweka tone moja tu, kiasi cha punje ya mchele. Kadi za memori nazo tulizichomoa, tukasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa shule, tukarudisha mpaka zikalia "ka!" Tukazikagua pia zile kapasita zinazosimama kama vipipa vidogo, maana bodi nyingi za miaka ile zilikufa kwa kapasita kuvimba. Zetu vichwa vyake vilikuwa bapa. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile "madabodi imekufa" ilisemwa bila kuangalia.

Siku chache kabla nilikuwa nimesoma joto la prosesa kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaoingia kabla Windows haijawaka: nyuzi 91. Baada ya kusafisha: nyuzi 56. Zile nyuzi 35 zilizopungua zote zilikuwa udongo na dawa iliyokauka.

Na kule kuzimika? Hakukuwa ugonjwa. Pentium 4 ina kipimo cha joto ndani yake. Ikizidiwa inapunguza mwendo kwanza, na ikizidiwa kabisa inajizima isiungue. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware iliwahi kuonyesha video ya kutoa kipoza joto huku mashine zinawaka: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ya wakati ule, isiyo na ulinzi wa namna hiyo, ikaungua. Kwa hiyo kila ilipozimika saa nane mchana, kompyuta yetu ilikuwa inajiokoa, na inaziokoa na zile sauti za wazee. Mimi nilikuwa naitukana.

Sasa imepanda juu ya meza, mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Kitambaa cheupe kimebaki, mama hakubali kiondoke, lakini kinakaa ikiwa imezimwa tu. Anayefagia anafagia kabla haijawashwa. Kwenye kalenda ya ukutani nimeweka alama mbili: mwisho wa Oktoba, kiangazi kinapoisha, na Machi. Na sauti zote nimezinakili sehemu mbili tofauti, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta ambazo fundi hayupo duniani.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa mjomba na kinasa sauti. Akashangaa. "Mimi sikuwa bosi pale," akasema, "mimi nilikuwa mtu wa mashine tu. Utaniuliza nini?"

Nikamwambia aanze na asubuhi, anaingia zamu, mashine imezimwa. Anashika nini kwanza?

Alizungumza saa mbili na nusu.